Mtu wa Mwisho wa Barabara Nyeupe

Hebu mwone kwanza akija. Ni asubuhi ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, mvua ya usiku imekatika, ukungu umejaa mabondeni kama maziwa kwenye bakuli, na juu yake vilima vinachungulia, kimoja hapa, kingine kule. Kwenye barabara nyeupe ya changarawe inayopanda kilima cha Poggio Scalzo anakuja mama mfupi, mnene kiasi, kavaa mabuti ya mpira na aproni ya maua, anasukuma toroli. Ndani ya toroli kuna sufuria kubwa iliyoviringishwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Gurudumu likigonga jiwe anasimama, anafunua kidogo, ananusa, anafunika, anaendelea. Shingoni, pamoja na kidani chake cha Bikira Maria, unaning'inia ufunguo mkubwa wa chuma. Ufunguo huo uweke akilini, tutaurudia.

Huyo ndiye Zelinda. Ukiuliza kwa nini mtu wa umri wake asukume toroli mlimani wakati watu wana magari, jibu ni kwamba barabara ile gari halipiti, na aliyelizuia gari lisipite ni yeye mwenyewe.

Zamani malori ya machimbo ya kokoto yalikuwa yakipita hapo kutwa. Ukianika shuka jeupe unaanua shuka la rangi ya panya. Mbwa wawili walikufa, na kuku hawana hesabu. Wanaume wa kilimani wakawa wanalalamika kila jioni mezani, wakinywa divai, wakipanga kwenda manispaa kesho. Basi asubuhi moja Zelinda akatoka na kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya barabara, akaketi, akaanza kumenya maharagwe. Lori likaja, likapiga honi. Akainua kiganja, hivi, kama anayesimamisha kwaya, akarudi kwenye maharagwe yake. Dereva akatukana, kisha akabembeleza, mwishowe akazima injini akashuka kula mkate wake. Siku ya pili walikuja wanawake wengine na viti vyao. Mambo yalikwenda hivyo mpaka manispaa ikakubali kufunga mnyororo huku na huku, na toka siku hiyo juu ya barabara nyeupe hupita miguu, kondoo, trekta la mwenye shamba, na baiskeli. Baiskeli ndizo zimekuwa nyingi. Wanatoka mbali watu kuja kupanda na kushuka kwenye vile vilima bila kusikia mlio wa gari, wanasema ni kama kupata masikio mapya. Zelinda wakamwita Mama wa Mnyororo. Walianza kwa kumsema kisogoni, ila Duilio, shemeji yake, akishakunywa humwita hivyo usoni.

Mumewe ni Ottorino. Alikuwa fundi wa kuezeka vigae kabla ya kustaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa. Baiskeli aliipenda kuliko alivyoiweza. Hakuwahi kushinda shindano lolote, hata lile la parokia ambalo washindani walikuwa wanne na mmoja wao alipata pancha. Lakini kila mwaka Jumapili hii ya mwezi wa kumi, watu wanapokuja na baiskeli za chuma za zamani na sweta za sufu kama walivyovaa babu zao, na baiskeli mpya haikanyagi hata ikibebwa, Ottorino alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeigombea. Alikuwa mtu wa mwisho.

Mtu wa mwisho hufunga kitambaa chekundu nyuma ya kiti cha baiskeli, akapita nyuma ya wote. Aliyepata pancha anamkuta akimzibia mpira wake. Aliyekata tamaa anamkuta kakaa kando yake chini ya mivinje, wakagawana tufaha, wakaanza upya. Hakuna mtu anayeruhusiwa kubaki nyuma yake. Na huko Poggio Scalzo, kwenye kituo cha mwisho cha chakula, sufuria haishuki motoni mpaka kitambaa chekundu kifike, na ukoko wa chini, ule uliogandamana na maharagwe na kuingia harufu ya moshi, ni wake peke yake. Watu wenye magari makubwa huko mijini wameshawahi kuuomba ule ukoko wakanyimwa.

Sasa, majira ya kuchipua mwaka huu moyo wa Ottorino ulimwangusha. Alikuwa anapalilia vitunguu, akaonekana kapiga magoti, Zelinda akadhani anatafuta kitu. Hospitalini Siena wakamlaza, wakampa vidonge, na daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akawaambia wote wawili kwamba atembee, ale vizuri, alale, ila vilima kwa baiskeli basi. Ottorino aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyoitikia mahubiri.

Kisha wenye kamati ya baiskeli wakaja nyumbani na chupa ya divai tamu, wakazungukazunguka maneno kama paka aliyepita juu ya meza, mpaka Ottorino mwenyewe akawaonea huruma. Akaenda chumbani akatoka na kitambaa chekundu. Zelinda akamnyang'anya kwanza akakipiga pasi, kwa sababu hakutaka kiende kwa watu kikiwa na makunyanzi. Kikakabidhiwa kwa Gualtiero, mwoka mikate, kijana mwenye mapafu na mapaja. Ottorino akampa mkono. Akasema sawa.

Zelinda hakuipenda ile sawa. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Jumapili, mumewe akiwa jikoni anamchambulia maharagwe kwa utulivu uliopita kiasi, aliichukua baiskeli ya buluu ya huyo mumewe, ile aliyoachiwa na baba yake, akaiteremsha stoo ya divai chini ya nyumba, akafunga mlango, akaufunga ufunguo shingoni. Aliporudi jikoni Ottorino akautazama ufunguo, akautazama uso wake, akaendelea na maharagwe.

"Hili lina mdudu," akasema, akalitupa.

Asubuhi alimwacha kitandani kageukia ukutani. Alimshika hata miguu chini ya blanketi, ikawa ya moto, akaridhika. Akaondoka na toroli.

Poggio Scalzo alimkuta Duilio ameshawasha moto na kupanga mikate. Duilio ni mdogo wake Ottorino, goti lake moja limekataa kukunjika tangu alipoanguka kwenye mtambo wa zabibu, kwa hiyo kazi yake ni kukata mkate na kusema maneno. Alikuwapo pia Mirella, tarishi wa vilima vile, dada wa makamo mwenye kucheka kwa pua, yeye akigonga mihuri kwenye kadi za waendeshaji. Mirella ndiye aliyekuwa na simu ya kamati na ufunguo wa mnyororo wa juu.

Wa kwanza walifika na baridi, ndevu zimelowa, magazeti yamechungulia kwenye shingo za sweta walipoyatia kukinga upepo wa kushukia. Mvua ilikuwa imeifanya barabara nyeupe kuwa kama unga uliokandwa; ulishika kwenye tairi, kwenye cheni, kwenye meno. Zelinda akajaza bakuli: maharagwe meupe, kabichi nyeusi, mkate wa jana, supu iliyochemshwa jana ikachemshwa tena leo, mafuta ya zeituni juu. Wakala wakiwa wamesimama, wakimshukuru kwa lugha mbalimbali. Yeye huku anagawa, huku jicho liko bondeni. Ni mazoea. Miaka yote, siku za kiangazi, ukisimama pale juu unawaona watu kwa vumbi lao kabla ya kuwaona wenyewe, na vumbi la Ottorino alilijua: dogo, la nyuma kabisa, halina haraka, linasimama kila mara kwa sababu mtu fulani kapata pancha. Leo hakukuwa na vumbi la mtu yeyote. Mvua ilikuwa imeifunga barabara mdomo. Akajicheka, akijiambia anamtafuta mtu aliye kitandani.

Jua lilikuwa limeshapanda alipofika jamaa mmoja wa Milano, uso mwekundu, mwenye furaha za mtu aliyedhani atakufa njiani akakuta supu. Akawa anawasimulia wenzake kuhusu mzee aliyempita huko nyuma kwenye mteremko wa pili. Anasema, kajikaza kwenye baiskeli ya kike, mwenzangu, ya kike kabisa, na kikapu mbele, amevaa sweta ya sufu kaingiza kwenye suruali ya kulalia. Wakacheka. Mmoja akauliza kama kwenye kikapu kulikuwa na mayai.

Upawa wa Zelinda ulisimama hewani.

"Duilio," akaita, bila kugeuka.

"Naam, shemeji."

"Baiskeli yangu iko wapi?"

"Ipi?"

"Nina ngapi mimi?"

Duilio akakata kipande cha mkate chembamba hata ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. "Si huwa bandani kwa kuku."

"Nitazame ninaposema nawe."

"Nautazama mkate, shemeji. Kisu kikali."

Hapo ndipo Zelinda alipoona alichokifanya. Alikuwa ameficha baiskeli ya Ottorino, wala haikumpitia akilini kwamba ndani ya nyumba ile kuna nyingine. Baiskeli yake yeye ilikuwa ya mayai. Alikuja nayo alipoolewa, kwao walimpa pamoja na mashuka na mashine ya kushonea, na toka siku hiyo ilikuwa chombo cha kwenda kwa jirani, kama ndoo. Lakini ilikuwa ya chuma, na ilikuwa nzee kuliko ile ya buluu. Hakuna mtu wa kamati ambaye angemzuia Ottorino pa kuanzia. Angepigiwa makofi.

Na haikuwa na gia. Halafu breki ya nyuma, ee msomaji wangu, breki ya nyuma! Tangu mwaka juzi alikuwa anamwambia Ottorino breki hii inashika inapojisikia, na Ottorino anasema kesho, na yeye mwenyewe akazoea kushuka na kukokota kila penye mteremko, akaacha kumkumbusha. Sasa alisimama pale na upawa mkononi akiihesabu miteremko iliyopo kati ya nyumbani na Poggio Scalzo, akaacha, kwa sababu kuihesabu hakukuipunguza.

Simu hakumpigia. Simu ya Ottorino hukaa kwenye kabati la vyombo karibu na redio, aliinunua ili imngoje nyumbani. Mirella ndiye aliyekipigia kituo kilichotangulia. Akasikiliza, akaitikia, akakata, akaeleza kwa sauti aliyoilainisha: ndiyo, amepita hapo, muda si mrefu. Amekunywa maji. Mkate amekataa. Walimuuliza anaendeleaje, akasema anapeleka mayai. Hapana, hawakumzuia, wangemzuiaje mzee wa watu anayetania?

"Wamfuate na gari," Zelinda akasema.

Mirella akatazama chini. Duilio naye, ambaye Mungu hakumuumbia kunyamaza, akasema taratibu kwamba gari haliingii mpaka kitambaa chekundu kipite. "Si unaikumbuka hiyo, shemeji. Ulisimama kwenye mkutano ukagonga meza. Ukasema hata akija askofu."

Alikumbuka. Alisema hivyo kwa sababu mwaka mmoja gari la wapiga picha liliingia katikati ya waendeshaji likamtupa binti mmoja mtaroni. Alikuwa na haki. Hata sasa alikuwa na haki, watu bado walikuwa wanateremka kwa kasi huko chini kwenye matope, gari likikutana nao konani ni msiba mwingine. Akajitafutia hoja ya kumwangusha yule Zelinda wa mkutanoni, akaikosa.

Basi akashika faraja moja. Nyuma ya Ottorino yuko Gualtiero. Kijana mzima, ana simu, ana nguvu, na kazi yake ni kutompita mtu. Akiona mzee kakaa chini atakaa naye. Akianguka atamwinua. Hakuna mtu anayebaki nyuma ya kitambaa chekundu. Aliirudia hiyo kama tasbihi, huku anajaza mabakuli, huku akiulizwa kama kuna pilipili, huku akiambiwa na mama mmoja wa Kijerumani kwa ishara za mikono kwamba hajawahi kula kitu kitamu hivi. Watu wenye njaa hawajui kwamba anayewapakulia roho iko mkononi. Kila kofia iliyochomoza konani ilikuwa Ottorino, kisha ikawa si Ottorino. Wakapungua. Wakaja wawili wawili, kisha mmoja, kisha barabara ikakaa tupu muda mrefu, kukasikika tu kunguru na moto.

Kisha akaonekana mtu anapanda taratibu, yuko peke yake, na nyuma ya kiti chake kitu chekundu kinapepea.

Zelinda alitazama kushoto kwake na kulia kwake, kana kwamba Ottorino angeweza kuwa amefichwa nyuma ya mapaja ya Gualtiero. Mwoka mikate akafika, akashuka, akajinyoosha mgongo, uso umemchangamka kwa kazi iliyokwisha. Akasema habari za hapa, akasema supu inanukia mpaka bondeni.

"Nani kabaki?" Zelinda akamuuliza.

"Hakuna, mama. Mimi ndiye wa mwisho."

Gualtiero akawatazama mmoja mmoja, uso ukaanza kumshuka. Walipomweleza akaapa kwa marehemu mama yake kwamba ameangalia kila kona, kila mtaro, kila kivuli. Baiskeli ya kike hakuiona. Mzee hakumwona. Huko kote alikuwa peke yake, labda tu pale kwenye chemchemi ya chini, alisikia mtu anakohoa ndani ya matete, akadhani ni wale wawindaji wa nguruwe pori, kwa kuwa msimu wao ndio huu, hakutaka kuwasumbua.

Zelinda akafumba macho. Hakuhitaji kuelezwa. Huyo ni mtu ambaye miaka yote ile alijizoeza kwamba nyuma yake kusiwe na yeyote. Kanisani hutoka wa mwisho. Mazikoni hurudi wa mwisho. Hata nyumbani hapandi kitandani mpaka ahakikishe paka kaingia. Aliposikia mtu anakuja nyuma yake, na kitambaa chekundu kikamtia wazo kwamba anafuatwa, anaokotwa, alifanya kile ambacho mwili wake ulikuwa unajua kufanya. Alishuka, akasogea kando, akampisha mwenzake apite. Labda hata hakuona kwamba amekosea. Na sasa yuko huko, Ottorino wa Zelinda, nyuma ya mtu wa mwisho, mahali ambapo kwa mpango wao wote, kwa kanuni na mihuri yao, hakuna anayekuwepo na hakuna anayetafutwa.

Gualtiero alifungua kitambaa, akakiweka mezani karibu na mkate kama mtu anayerudisha kitu alichokiiba. Alitaka kurudi chini palepale, lakini tairi lake la mbele lilikuwa limeishiwa upepo kwenye ule mpando wa mwisho na alikuwa amelikanyaga hivyo hivyo mpaka kituoni. Akaanza kulifungua. Mirella akasema kitambaa kimeshapita, mnyororo sasa unafunguka kihalali, anakimbia kuleta gari lake la barua kutoka uwanjani. Akakimbia kweli.

Zelinda akavua aproni. Duilio akamkamata mkono. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha usoni.

"Tairi zake nilizijaza upepo mimi, shemeji. Aliniomba jana. Alisema anataka kufika kanisani tu."

"Na wewe ukamwamini."

"Sikumwamini," Duilio akasema. "Aliniomba kama alivyokuwa akiniomba tukiwa watoto."

Zelinda akamtazama. Alitafuta hasira akaikuta imechoka. Akamwambia tu sufuria isishuke motoni, asiruhusu mtu, akaondoka na mabuti yake akiifuata barabara kuelekea kule inakokatika na kuteremka.

Matope meupe yalikuwa yamejaa alama za tairi, nyingi, zimepishana kama nywele zisizochanwa. Zote zilikuwa za watu waliofika. Alitembea haraka, kisha akakimbia kidogo, kisha pumzi ikamkatalia akatembea. Jua lilikuwa limeula ukungu na vilima vyote vilikuwa nje sasa, vimelimwa, vya kijivu na kahawia, havina mti isipokuwa mstari wa mivinje kwenye nyumba ya mtu. Vizuri mno kutazama. Aliwaza hivyo na akakasirika kwamba amewaza hivyo.

Alipofika ukingoni, pale ambapo mpando wote unaonekana kutoka juu mpaka chini kama utepe ulioangushwa, alisimama.

Mwanzo hakuona kitu. Kisha akakiona kikapu chake. Kilikuwa kimetulia chini kabisa, mwanzoni mwa mpando, na kando yake mtu mrefu ameinama juu ya usukani kama aliyedondosha kitu. Alikuwa hai. Zelinda alisema jina la Bikira Maria kwa sauti, akaketi jiweni, akainuka palepale maana hakuja kuketi.

Ottorino alikuwa anaikokota. Alipiga hatua chache, akasimama, akaegemea. Tena hatua chache. Alivua kofia akajifuta uso, akaishika kofia kifuani, na Zelinda hakuweza kujua kama anaishika kofia au anashika kifua. Suruali ya kulalia ilikuwa nyeupe kwa matope mpaka magotini. Goti moja lilikuwa jekundu. Kumbe breki ilikuwa imeshasema neno lake mahali fulani. Akainua macho kupima mpando uliobaki, na hapo akamwona mkewe.

Zelinda akaanza kushuka. Hakufika mbali. Kule chini Ottorino aliachilia usukani kwa mkono mmoja, akauinua, akamwonyesha kiganja kilichonyooka. Ni kile kile kiganja. Yeye Zelinda ndiye aliyekileta kwenye barabara ile, siku ya kiti na maharagwe, na hajawahi kuona mtu akimwonyesha yeye. Akasimama kama lile lori.

Wakatazamana kwa umbali ule ambao sauti haifiki. Alitaka kumpigia kelele kwamba hakuna anayemcheka, kwamba ukoko upo, kwamba atapewa hata akiletwa na gari. Lakini alijua si kweli. Ukoko hauletewi mtu. Mtu ndiye huufikia. Kama angetiwa kwenye gari la barua, kati ya vifurushi, akapitishwa mbele ya Duilio na Gualtiero na wale waliokuwa bado wanakunywa divai pale juu, angerudi nyumbani akaketi karibu na jiko mpaka majira ya baridi yaishe, akiwa mpole, akila vidonge vyake, akisema sawa. Na kama angeachwa apande, basi kila hatua ilikuwa na uwezo wa kuwa ile aliyoiogopa daktari. Hilo nalo alilijua. Aliyajua yote mawili kwa uzito sawa, na katikati yake hakukuwa na kitu cha kushika isipokuwa ule ufunguo shingoni, akajikuta ameubana mpaka umemwachia alama kiganjani.

Ottorino alishusha mkono. Akashika usukani. Hatua, hatua, akasimama. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka.

Nyuma ya Zelinda kukasikika mlio. Kwenye barabara ile mlio wa injini ni kitu kigeni hivi kwamba ndege waliruka. Gari dogo la manjano likaja likiteleza kwenye matope, likapunguza mwendo, likasimama karibu naye kiasi cha kuhisi joto lake kwenye mapaja. Yeye alikuwa katikati ya barabara, huku mtaro, huku mtaro, hakuna pa kupita. Mirella akatoa kichwa dirishani. Alikuwa analia bila kujua.

"Nipishe, Mama Zelinda. Namwona. Nipishe nimfuate."

Zelinda hakujibu. Alimtazama mumewe, aliyekuwa amesikia injini naye, na ameacha kutembea, na kwa mara ya pili ameinua kile kiganja, safari hii chini kidogo, mkono hauwezi kunyooka.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, kwa watu wenye waume na wasio nao, na kila nikifika hapa nasimama, nawauliza. Ungekuwa wewe umesimama pale, injini mgongoni na yeye mbele yako, ungepisha?